Madaftari ya Bahari Yaliyofungiwa Karanga

Nimesikia yanayosemwa. Handeni wanasema Mwalimu Zaina ameacha ualimu, anauza karanga stendi ya Mombo. Korogwe wanasema ameonekana juu ya reli, kitenge kiunoni, anasukuma kiberenge na wanaume. Kwa kuwa ninyi walimu wenzangu wa kisomo mmeshaniandikia barua tatu kuuliza kulikoni, na mimi sina nguvu ya kurudia maneno haya kila mtu anapopita kwangu kuomba maji ya kunywa, naandika mara moja tu. Someni, mpitishiane, na mkimaliza mnirudishie. Karatasi siku hizi mnajua wenyewe.

Kwa asiyejua chanzo, tangu mafuta yapande bei mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha Kwamsisi imelala. Dizeli hakuna, akina mama wamerudi kwenye kinu na mchi. Serikali nayo ikaunda kamati ya wataalamu itafute nchi itajitegemeaje kwa nishati, na moja ya maswali yao lilikuwa hili: maji ya bahari yanayojaa na kupwa kila siku, je, yanaweza kuzungusha mtambo wa umeme? Unayazuia yakijaa, unayaachia yakipwa, yanapita kwenye gurudumu. Lakini hujengi kitu kabla hujajua maji yanapanda kiasi gani na saa ngapi. Wakachimbia nguzo yenye alama kwenye mkono mmoja wa bahari, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kwetu, wakatafuta watu wa kuisoma kila saa kwa mwezi mzima. Wavuvi wa pale walikuwa katika msimu wao. Darasa langu la watu wazima likajitolea.

Watu walicheka. Wazigua wakulima wa mahindi na bahari, wapi na wapi? Lakini wanafunzi wangu, wengi wao wenye wajukuu, ndiyo kwanza walikuwa wamejua kuandika namba, na walikuwa na hamu ya kuziandika mahali zinapohitajika. Wakaenda kwa zamu, wanne wanne, na unga wao, taa ya chemli na saa ya mezani ya ofisi ya kijiji. Mimi nilikaa nao siku mbili za mwanzo, nikarudi kuwafundisha waliobaki. Mwezi ulipokwisha nililetewa madaftari manne yenye matope, chumvi na namba zilizolala chali.

Sasa lisikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonitembeza. Barua ya kamati ilisema watakuwa Korogwe Jumamosi, na Jumatatu asubuhi wanaondoka. Vipimo visipowafikia, watachukua namba za vitabu vya bandari za mbali, na mkono wetu wa bahari utaachwa nje ya mpango. Nikayatazama yale madaftari, nikaona aibu. Nikanunua kaunta buku mbili, nikakaa siku nne kunakili kila kitu kwa mwandiko wangu, kalamu moja, mistari kwa rula. Katika kunakili nikaona kila siku maji yanajaa kwa kuchelewa kuliko jana yake, karibu saa nzima. Nikasema, aa, saa ya ofisi hiyo. Nani asiyejua kwamba inakimbia? Katibu huirudisha nyuma kila asubuhi. Basi nikazinyoosha saa zote, maji nikayajaza wakati uleule kila siku, mwezi mzima. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kwamsisi hadi Mkata

Niliondoka Jumatano alfajiri kwenye keria ya baiskeli ya Mzee Athumani, mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele. Kaunta buku nilizifunga ndani ya khanga mpya, nikazikumbatia. Yale madaftari manne niliyatupia kwenye kapu, chini ya mihogo ya kuchemsha. Mzee Athumani ana umri wa baba yangu, lakini akipanda baiskeli utadhani anafukuzwa na nyuki. "Jishike, mwalimu!" ndiyo maneno niliyosikia mpaka mchanga ulipomshinda, tukashuka, tukaanza kusukuma.

Salamu za kwetu hazifupishwi, mnajua. Kila tunayekutana naye ni shikamoo, marahaba, nyumbani, mvua, mahindi, mgonjwa wenu anaendeleaje. Na kila mtu Mzee Athumani anamwongezea, "Namsindikiza mwalimu. Anapeleka bahari yetu Korogwe." Habari zikatutangulia. Kufika kijiji cha tatu kuna bibi ametoka nje anatungoja, anataka kuiona hiyo bahari. Nikamfungulia khanga, nikamwonyesha kaunta buku. Akaigeuza huku na huku, akaguna, akasema, "Mbona ndogo?"

Mbele kidogo Mzee Athumani akaniuliza, "Siku za zamu yangu maji yalipanda mpaka alama ya juu kabisa, yale wenyeji wanayaita bamvua. Umeyaona mle?"

"Nimeyaona."

"Na umeyaandika vizuri?"

"Nimeyaandika vizuri sana, mzee wangu."

Akaridhika, akakanyaga pedali kwa nguvu mpya. Tulifika Mkata jua linazama, miguu yangu imekufa ganzi yote miwili. Nililala kwa mwalimu mwenzetu, Mzee Athumani akageuza kesho yake.

Handeni hadi Korogwe, lakini kwanza Kang'ata

Alhamisi nilipata lori hadi Handeni mjini bila taabu, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Dereva aliyekuwa anakwenda Korogwe Ijumaa aliniambia nipande tu, tunaondoka sasa hivi. Tukaondoka kweli. Baada ya mwendo mrefu naona jua liko upande usiokuwa wake. Nikagonga kibanda. "Dereva, Korogwe ni huku?"

"Korogwe ni kule, mama. Huku ni Kang'ata. Nachukua magunia ya kunde, halafu tunarudi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kufika Kang'ata springi ikakatika, tukakaa kivulini pa ghala la kijiji tangu asubuhi mpaka alasiri, huku utingo akiifunga kwa kamba za katani na maneno ya matumaini. Mimi nikatoa kaunta buku kuzikagua. Mara akatokea mzee mmoja wa Kimasai na mkuki wake na ng'ombe wake, akasimama mbali, ananitazama mimi na daftari. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, lakini ng'ombe akawageuza, wakaanza kurudi walikotoka.

Nikamwuliza, "Baba, unawapeleka wapi na maji ya kunywesha yapo huku?"

"Wewe maliza kuandika kwanza," akasema. "Mimi ng'ombe zangu ni hizi tu unazoziona, na tatu ni za shemeji."

Kumbe alidhani nimetumwa kuhesabu mifugo! Nikacheka, nikamwambia mimi naandika maji ya bahari, yanavyopanda na kushuka, ili serikali itengeneze umeme. Akaegemea mkuki wake. "Na bahari ilikubali kuhesabiwa?"

"Ilikubali."

"Haina ujanja, basi," akasema. Lakini aliwarudisha ng'ombe, akanipa maziwa kwenye kibuyu, ya mgando, yenye harufu ya moshi, na mimi nikampa mihogo iliyobaki. Kabla ya kuondoka alitaka nimwonyeshe mahali palipoandikwa bahari imefika juu kabisa. Nikamwekea kidole. Akapatazama, akatikisa kichwa kwa heshima. Hajui kusoma, lakini nilijisikia nimevishwa nishani. Nchi hii, nikajiambia, tunaipima wenyewe, na hata mchunga ng'ombe wa Kang'ata anajua.

Tuliporudi Handeni kuelekea Korogwe akapanda mama mmoja mnene, mcheshi, na gunia la karanga. Aliniambia anaitwa Mama Hoza, Msambaa, anauza karanga stendi ya Mombo, na huja Handeni kufuata karanga zetu kwa sababu za kwao hazina mafuta. Alinisalimu kwa Kishambaa, nikaitikia kwa Kizigua, tukaelewana. Akatoa maboga ya kuchemsha na chumvi. Nilikuwa na njaa ya kulia machozi, jamani. Nikala boga la watu mpaka nikaona haya.

"Karanga ninazo, mkaa ninao," akalalamika. "Kinachonitesa ni karatasi. Magazeti hakuna. Abiria huwezi kumpa karanga mkononi, atakutukana." Kisha jicho lake likaangukia kapu langu, akavuta daftari moja, akalifunua. Akaangua kicheko. "Hii saba au kijiti? Za watoto wa darasa la kwanza hizi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, hapana mama, hizi ni za watu wazima waliokaa mwezi mzima ufukweni kwa ajili ya taifa. Sikusema. Niliona aibu, nikajibu, "Ee, za watoto tu." Na kwa kuwa nilikula boga lake, na kazi safi ninayo ndani ya khanga, nikamwambia ayachukue yote manne. Alinishukuru kama nimempa mbuzi. Korogwe nilishuka jioni, yeye akaendelea Mombo.

Korogwe

Jumamosi nilioga, nikavaa gauni la Idi, nikafika kwenye ukumbi ilimokaa kamati mapema kabisa. Nikaambiwa nisubiri kidogo. Kidogo hicho kilikuwa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwenye benchi, pamoja na bwana mmoja aliyekuja kueleza mpango wake wa kuendesha pampu kwa upepo. Alinieleza mimi mara nne. Nilimhurumia baadaye, wakati ule nilitamani upepo umchukue.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Alipokea kaunta buku zangu kwa mikono miwili. Akafungua, akafungua tena, uso ukaanza kubadilika.

"Mwalimu, hii bahari ya wapi?"

"Ya kwetu, Ndugu Mwenyekiti."

"Bahari ya kwenu inajaa saa nne kamili kila siku, mwezi mzima?"

"Haichelewi hata siku moja," nikasema, kifua mbele.

Wajumbe wawili wakatazamana. Yeye hakucheka. Akavua miwani, akanieleza taratibu. Bahari hufuata mwezi. Kila siku hujaa kwa kuchelewa kuliko jana, karibu saa nzima. Mvuvi yeyote anajua. "Na huu ni mwandiko mmoja," akasema, "kalamu moja, hakuna hata tone la maji. Hii imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Tumeshaletewa namba za kubuni mara mbili huko tulikopita. Sisemi umebuni. Nauliza, yako wapi madaftari yaliyokuwa pale kwenye nguzo?"

Mmoja wa wajumbe akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, kwamba yeye alionya tangu mwanzo. Watu wa vijijini huwezi kuwapa kazi ya kitaalamu. Hapo, wenzangu, aibu iligeuka ikawa hasira, na hasira yote nilijielekezea mwenyewe. Hawakubuni! Walikaa kule wakaumwa na mbu, wakaandika kweli tupu, na mimi mwalimu wao ndiye niliyeifuta kwa rula.

"Yapo Mombo," nikasema.

"Mombo yanafanya nini?"

"Yanafunga karanga."

Mwenyekiti akavaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Jumatatu saa mbili asubuhi tunaondoka. Nitakuwa hapa saa moja."

Korogwe hadi Mombo

Jumapili nilipanda basi la kwanza. Sikuona mkonge, sikuona milima, sikula kitu. Nilikuwa naomba Mama Hoza awe amelala, awe mgonjwa kidogo, Mungu anisamehe. Nilipofika Mombo nikamkuta yu mzima wa afya mbele ya basi lililojaa, sinia kichwani, na kwenye sinia karanga zimepangwa ndani ya vikoto, karatasi zilizokunjwa kama pembe. Kwenye kikoto cha juu kabisa nikaona namba saba iliyolala.

"Mama Hoza, acha kuuza!"

Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kila kitu, na safari hii nikasema kweli: si za watoto. Ni za Bibi Mwanahamisi na Mzee Athumani na wenzao, watu wazima, na bila hizo bahari yetu haimo katika mpango. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno. "Na mimi nilicheka mwandiko wa wazee," akasema. "Kwa nini hukuniambia kwenye lori?"

Nikaanza kuhesabu vikoto kwenye sinia.

Bahati ilikuwa upande wangu kidogo. Jumamosi yote alikuwa anabangua na kukaanga, ameanza kuuza asubuhi ileile. Madaftari mawili yalikuwa hayajaguswa. La tatu lilikuwa kwenye sinia. La nne, kurasa zake kadhaa zilikuwa mikononi mwa abiria wa basi lililosimama pale likingoja kuondoka. "Na basi la Lushoto limeondoka na vikoto viwili," akasema. "Hivyo hesabu vimeliwa."

"Lakini mimi nitafungia nini?" akaniuliza. Nikafungua khanga mpya. Nikatoa kaunta buku mbili, siku nne za mwandiko wangu mzuri, nikachana ukurasa wa kwanza mbele yake. Aliugusa akasema karatasi nzito, hii haipitishi mafuta. Tukakaa chini sote wawili, tukaanza kumimina karanga kutoka kweli kwenda kwenye uongo. Sijawahi kuona kazi yangu inafaa kiasi kile.

Kisha nikapanda basi. "Ndugu abiria, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mliokula karanga, naomba karatasi zenu, ni mali ya taifa." Kulizuka kelele. Mmoja akaniuliza kama karanga zina sumu. Mwingine akasema serikali sasa imefikia kudai hadi maganda. Dada mmoja wa dirishani alikuwa ameshaitupa yake nje, akashuka mwenyewe kuiokota chini ya gurudumu, konda akipiga kelele kwamba tunamchelewesha. Mama Hoza akapita nyuma yangu na vikoto vipya, anabadilisha kimoja kwa kimoja, karanga juu ya karanga, na kila mtu anamwambia, "Umesoma bahari, sasa kula." Hapo ndipo uvumi wa mimi kuuza karanga ulipozaliwa, kama mlitaka kujua. Na kweli, kwa waliokuwa hawajala niliuza vikoto kumi na moja.

Nilipomaliza kuzipanga kurasa kwa tarehe, mafuta mpaka viwikoni, nikasikia stendi imekuwa kimya. Mnajua sheria ya Jumapili. Saa nane mchana magari yanalazwa kubana mafuta, na Mombo nzima hakukuwa na hata pikipiki inayounguruma. Korogwe iko mbali mno kwa miguu, na kamati inaondoka asubuhi.

Mombo hadi Korogwe

"Sheria ni ya barabara," Mama Hoza akasema. "Reli haikutajwa." Akanishika mkono mpaka stesheni, kwa shemeji yake, Mzee Mhina, msimamizi wa genge la mafundi wa reli, aliyekuwa anarudi Korogwe na vijana wake watatu kwa kiberenge, kile kigari cha reli kinachosukumwa kwa mikono, pampu juu, pampu chini.

Mzee Mhina alinikataa papo hapo. Abiria haruhusiwi. Nikamwambia mimi si abiria, nasindikiza mzigo wa serikali.

"Uko wapi mzigo?"

Nikamwonyesha. Akaunusa. "Mzigo wa serikali unanuka karanga."

Lakini alikuwa ameshafunua ukurasa. Akasoma tarehe, saa, kipimo, kidole kikishuka polepole. Akaniuliza nani wameandika, nikamwambia. Akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa daftari lake mwenyewe, jeusi kwa grisi, penseli imefungwa kwa uzi. Ndimo anamoandika vipimo vya reli, kipande kwa kipande. "Kijana wangu akiniletea daftari safi," akasema, "namwuliza, leo ulikuwa umelala wapi? Panda, mwalimu. Lakini hapa hakuna wa kukaa bure."

Basi nikajifunga kitenge, nikashika mti wa pampu. Tulipita Makuyuni watu wakitoka majumbani kutushangaa, mkonge kulia, mkonge kushoto, milima ya Usambara nyuma yetu. Vijana wakaanza wimbo wa kazi, nikaudaka kiitikio. Mikono iliwaka moto. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana niliwaza: nchi haina mafuta, na hii hapa inakwenda kwa mikono ya watu, ikibeba nguvu za bahari zilizoandikwa na bibi zetu. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha, na sitaki kuificha. Tulifika Korogwe wakati wa magharibi. Mzee Mhina hakutaka asante, alitaka niandike nyuma ya daftari lake jina la kijiji changu.

Korogwe tena

Jumatatu saa moja kasoro nilikuwa mlangoni, viganja vimefanya malengelenge. Mwenyekiti alikuwa anafunga mkoba. Nikamwekea kurasa mezani. Wajumbe wakasogea, kisha wakarudi nyuma kidogo kwa harufu.

Akaanza kusoma. Akachukua karatasi yake, akachora vijidoti, siku kwa siku, na kila doti ilisogea kidogo mbele ya ya jana. "Yanachelewa," akasema, "maji yanachelewa kama mwezi wenyewe." Kisha akainua kichwa. "Lakini saa, mwalimu. Nitajuaje saa yao ilikuwa sawa?"

Saa ya ofisi! Nilikuwa nafungua kinywa kukiri kwamba ile saa inakimbia, ndipo mjumbe yuleyule aliyesema watu wa vijijini hawawezi akaweka kidole pembeni ya ukurasa. "Hili neno ni nini? Liko kila asubuhi."

Nililijua. Limeandikwa kwa herufi kubwa, moja ndani ya mstari, moja nje: REDIO. Nilipokuwa nanakili nililiacha, nikidhani wazee wanajisifu tu kwamba wamesikiliza redio ya wavuvi. Sasa nikaliangalia, nikalielewa, machozi yakanijaa. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, redio inapotaja saa, walirekebisha ile saa mbovu. Hakuna aliyewaambia. Walijua saa yao ina kasoro, wakaitafutia dawa, wakaandika kwamba wameitafutia.

Nikawaeleza. Yule mjumbe alivua kofia yake. Sikumsamehe palepale, lakini nilimwona akiivua.

"Kurasa mbili hazipo," nikasema. "Zimekwenda Lushoto. Namba zake nazikumbuka kidogo, lakini sitaziandika."

"Usiziandike," Mwenyekiti akasema. "Tutaacha wazi." Akaniambia ukweli mwingine pia: umeme wa bahari hautakuja kesho wala kesho kutwa, huenda sisi tusiuone, kazi bado ni ya utafiti. Lakini mkono wetu wa bahari unaingia katika mpango, na kwa namba hizi, si za vitabu vya bandari za mbali. Kisha akachukua kalamu. "Nitajie majina. Kila aliyesoma nguzo. Ripoti itakwenda nayo."

Nikayataja yote kumi na sita, moja moja, jina na la baba. Sikuharakisha.

Nyumbani

Nilifika Kwamsisi siku ya tisa, na darasa lilikuwa limekaa linaningoja. Niliwaambia yote, nikaanza na mazuri: mpango, majina, ripoti. Vigelegele vilipigwa. Mzee Athumani alisimama akakaa, akasimama tena. Ningeweza kuishia hapo, hakuna ambaye angejua. Lakini nilishika chaki, nikaiweka chini.

"Nilibadilisha saa zenu," nikasema. "Nilidhani mmekosea. Nikaandika za kwangu, nikawakana mbele ya mtu kwenye lori, nikasema ni kazi ya watoto. Walipoikataa kazi, waliikataa ya kwangu. Waliyoikubali ni ya kwenu. Nisameheni."

Nje kinu kilikuwa kinatwanga. Bibi Mwanahamisi, mkubwa wao wote, aliyekaa zamu mbili kwa sababu alikataa kurudishwa nyumbani, akaniangalia, uso wake hauna hasira.

"Mwalimu," akasema, "ungetuuliza tu."

Akafungua daftari lake jipya, akalamba ncha ya penseli, akangoja niendelee na somo.